Jinsi ya Kuingia Maabara na Kutoka na Heshima Yako: Mwongozo kwa Watu wa HKL

Shuleni kuna makabila mawili. La kwanza husoma tahasusi za sayansi, PCM na PCB, na hulala na kikokotoo chini ya mto. La pili ni sisi wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, ambao swali moja tu linatosha kutufanya tunyanyue mkono tuombe karatasi ya nyongeza. Mpaka wetu ni mlango wa maabara. Ukialikwa kuuvuka, zingatia haya.

1. Vaa kama wenyeji. Azima koti jeupe. Litakuwa na doa la kahawia kifuani na tundu kwenye mkono. Usiulize. Kila koti lina historia yake, na huko historia si somo.

2. Jifunze msamiati. Moli si jina la binti wa mtu. Ni idadi, kama dazeni, ila dazeni yao ina vitu 6.02 × 10²³. Ukiuliza nani alivihesabu, safari yako imeishia hapo.

3. Itazame taitresheni kama tamthiliya. Juu, ndani ya bureti, kuna asidi. Chini, ndani ya flaski, kuna besi iliyotiwa matone ya methili oranji, ya njano kama mchuzi wa bizari. Mwenyeji anashika koki kwa mkono mmoja, kwa mwingine anaitikisa flaski, na kupumua ameahirisha. Tone. Tone. Rangi ya chungwa ikitokea, hapo hapo anafunga. Likiponyoka tone la ziada, flaski inakuwa nyekundu na msiba umeingia. Wahusika wapo, mgogoro upo, kilele kipo. Usipige makofi, maana onyesho la kwanza ni la majaribio tu na bado kuna mengine matatu.

4. Mtihani ukiisha, usiulize wamejaza kurasa ngapi. Wao huulizana, "Namba tatu umepata ngapi?" Mmoja husema 24.6, mwingine 12.3, na wa tatu huenda kukaa chini ya mwembe peke yake. Sisi tukiulizwa sababu za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, kila mmoja hutoka na hoja zake sita, na wote tunakwenda kula ugali kwa amani.

5. Ukiombwa msaada, sema unaumwa. Mimi sikusema. Jumamosi moja jirani yangu wa bweni, mtu wa PCM, alining'iniza gololi ya chuma kwenye uzi. Yeye angeshika saa. Mimi kazi yangu kuhesabu tu, iende na kurudi mara ishirini.

"Mwanangu, hii hata mtoto wa chekechea anaiweza."

Nikahesabu kwa sauti ya mshereheshaji wa harusi. Tukabadilisha urefu wa uzi, tukarudia, tukabadilisha tena. Mwisho akachora grafu na kutafuta kani ya mvutano inaipa gololi mchapuko kiasi gani. Kitabu kinasema 9.8. Yeye akapata 10.9.

Kwa moyo mweupe kabisa nikamshauri afute, aandike 9.8, tuwahi chakula. Alinitazama kama niliyetemea mate chungu cha shule nzima. Akarudi kwenye namba zake, akanyamaza kitambo, kisha akauliza:

"Nikiiachia gololi, wewe unasemaje?"

"Moja."

"Hapo husemwa sifuri. Ishirini zako zote ni kumi na tisa."

Nimeandika insha nyingi za sababu na matokeo, hoja sita kila moja, na alama nimepewa. Lakini hajatokea mtu wa kutazama jibu langu la mwisho tu, akajua neno la kwanza lililonitoka mdomoni.

Tulirudia zoezi lote. Chakula kilitupita. Safari hii nilihesabu kwa sauti ya chini, na nilianza na sifuri.