Rula, Wembe na Rangi ya Midomo

Huko Magara, nchini Burundi, barabara ya RN3 inapita karibu na Tanganyika kiasi kwamba ziwa likijaa hupanda kuisalimia. Kando ya barabara hiyo ndipo dereva mmoja wa teksi-moto alipoifungua injini yake, na ndipo alipopata washauri wengi kuliko abiria aliowahi kubeba.

Tatizo lilikuwa vijiti viwili vya chuma. Pikipiki ilikuwa ya Kichina, na injini yake mjukuu wa Honda CG125 ya katikati ya miaka ya 1970. Honda walikuwa wamegundua kwamba injini zenye kamshafti juu hazimvumilii mtu anayesahau kubadilisha oili huku akipakia ukoo mzima. Basi wakairudisha kamshafti chini, na pushirodi mbili zikapewa kazi ya kupanda hadi kwenye roka na kuzifungua valvu. Injini ikawa ngumu kufa, hata ikipata mwenyewe mbaya.

Pushirodi za zamani zilikuwa zimepinda. Dereva akamwagiza ndugu yake aliyekuwa akienda Bujumbura amletee "pushirodi za pikipiki ya Kichina", maneno yenye upana sawa na kumwagiza mtu viatu vya binadamu. Zikaja za injini ya 200, ile ya magurudumu matatu ya mizigo. Pistoni ya CG125 husafiri milimita 49.5; ya 200 husafiri 62.2, silinda yake ni ndefu zaidi, na vijiti vyake pia. Mshauri mmoja akasema vikatwe kwa msumeno. Hakujua, au hakujali, kwamba ncha ndizo zilizofanywa ngumu ili kustahimili kugongwa. Ukizikata unabaki na waya wa bei ghali.

Safari ya pili zikaja za 125. Dereva akazilaza kando ya ile ya zamani iliyopinda kidogo, akaazima rula ya mtoto wa shule, akatangaza kuwa zimelingana. Akafunga, akakaza skrubu za roka pale pale zilipokuwa, akapiga kiki. Kiki ikashuka laini kabisa. Hakuna kompresheni.

"Mwanangu," akasema fundi mzee aliyekuwa amenyamaza muda wote, "kijiti umekipima. Nafasi yake kaipima nani?"

Kumbe kichwa cha silinda kilikuwa kimesagwa zaidi ya mara moja na wamiliki waliotangulia, kwa msasa uliolazwa juu ya kioo. Kila kikisagwa, roka husogea chini, na pushirodi iliyo sahihi kitabuni huwa ndefu mno kwenye injini. Valvu haifungi, gesi inajitokea zake.

Fundi akachukua moja ya zile ndefu zilizokosa kazi, akaikata katikati, akaitia meno na nati ndefu: sasa kijiti kinaweza kurefushwa na kufupishwa. Akaiweka pistoni juu kabisa kwenye kompresheni, akazitikisa roka zote mbili kuhakikisha zimelegea, kwa sababu pistoni hufika juu mara mbili katika kila mzunguko wa kazi na moja kati ya hizo ni ya uongo. Akarefusha hadi ulegevu ukaisha, akakitoa, akapima. Tofauti ilikuwa ndogo. Gasketi nene zaidi chini ya silinda ikarudisha kimo.

Ikabaki kuona roka inaikanyagaje valvu. Alama ya roka inatakiwa iwe katikati ya ncha ya valvu. Ikienda pembeni, valvu inasukumwa ubavuni na bomba linaloiongoza linaliwa mapema. Dereva, mtu wa pwani ya Rumonge, akapaka mawese. Mawese yakatiririka, hayakuacha alama, na kuku akaja kuchunguza. Ndipo akakimbia nyumbani na kurudi na rangi ya midomo ya mkewe. Ikashika vizuri. Mstari ukatokea katikati, mwekundu, wa kupendeza.

Nafasi ya valvu ni milimita 0.08. Fila geji ya kuipimia ilikuwa na kutu, fundi akatumia wembe, ambao unene wake ni takriban 0.1: ukipita kwa urahisi, nafasi imezidi.

Injini ikawaka kwa kiki ya pili. Makofi yakapigwa, hata na yule wa msumeno. Katikati ya kelele hizo akatokea mke wa dereva, ameshika kifuniko kisicho na rangi yake.

"Shemeji," fundi akawahi, "usimlaumu, ilikuwa ya valvu."

"Huyo Valvu," akauliza, "anakaa wapi?"