Sifa za Mkaguzi Asiyesamehe

Mchele wa Kyela una watu wa kuusifu, na kahawa ya Bukoba vilevile. Programu inayokagua mafaili ya XML haijabahatika hivyo, ingawa kwa ubishi haina mpinzani. Mkaguzi huyu apewe haki yake.

XML ni namna ya kuandika data kwa kuizungushia majina kwenye mabano yenye pembe, yaani tagi: <jina> hufungua, </jina> hufunga. Kanuni zake zilipitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, tarehe 10 Februari 1998, na wahariri wake watatu, Tim Bray, Jean Paoli na C. M. Sperberg-McQueen, waliweka humo sharti ambalo mama mkwe yeyote angelipenda. Programu ikikuta kosa la umbo, isiendelee na kazi kama kawaida. Isikisie, isirekebishe, isione haya. Kivinjari kikikuta ukurasa wa HTML uliosahau kufunga tagi, hujikaza kisabuni na kuuonyesha hivyo hivyo. Mkaguzi wa XML hajui kujikaza. Faida yake ni kwamba faili aliyoipitisha itasomwa kwa umbo lile lile na programu nyingine, kila moja bila kubuni lake.

Tuseme karani ana orodha ya wateja yenye mistari elfu nne, na katika mstari wa 212 kuna duka liitwalo Juma & Wanawe. Alama hiyo ya & katika XML si ya raia wa kawaida; kazi yake ni kuanzisha kifupisho, yaani jina linalosimama badala ya maandishi mengine, kwa hiyo anayetaka kuichapa yenyewe sharti aandike &amp;. Karani hajui. Anaita xmllint, chombo kinachokuja pamoja na libxml2, maktaba ya kusomea XML, nacho kinamjibu kwa Kiingereza kifupi kwamba hakuna jina. Hakuna jina! Ndani ya tagi iitwayo jina, jina la Juma likiwa limekaa waziwazi, na kishale chini yake kikilinyooshea kidole. Kumbe kilichokosekana ni jina la kifupisho, lakini mkaguzi haoni haja ya kufafanua. Mwenye heshima zake haongei sana.

Macho yake nayo ni ya kupigiwa mfano. Kwake <Jina> na </jina> ni watu wawili wasiojuana. Nafasi moja tupu ikitangulia tangazo la <?xml mwanzoni mwa faili, anagoma.

Wapo waliojaribu kumfunza adabu. Oxygen kutoka Romania na XMLSpy ya kampuni ya Altova ya Vienna humfungia mwandishi tagi zake na kumchorea mstari mwekundu angali anachapa. Wengi huuita huo msaada. Kwa kweli ni kuketishwa dawati la mbele: mtu anakemewa neno likiwa bado mdomoni.

Mkaguzi asidhaniwe mchoyo, lakini. Kuna mtego wa zamani unaojulikana kama vicheko bilioni: faili isiyofika kilobaiti moja, yenye kifupisho kinachoita kifupisho kingine mara kumi, nacho kinaita kingine mara kumi, mpaka neno “lol” linazaliwa mara bilioni moja na kudai karibu gigabaiti tatu za kumbukumbu. Huyu aliyemnyima Juma alama moja alikuwa tayari kuzimia pamoja na kompyuta nzima kwa ajili ya kicheko, maana vifupisho vyote vilikuwa na umbo sahihi. Ilibidi libxml2 na wenzake wawekewe kikomo.

Anayedhani habari hizi hazimhusu achukue barua yoyote iliyochapwa steshenari kwa Word, yenye mkia wa .docx, abadilishe mkia uwe .zip, kisha aifungue. Atakuta folda iitwayo word, na ndani yake document.xml, mabano matupu toka juu hadi chini. Kama ni barua ya Juma ya kuomba mkopo, duka lake limeandikwa humo Juma &amp; Wanawe. Word ililitengeneza kimyakimya, na Juma amelipia kurasa mbili akaenda zake benki.