Sifa za Mheshimiwa Bega Bovu

Kila mkubwa nchini ana chawa wake, ila bega lililoteguka halina hata mmoja. Kazi hiyo naiomba mimi, bila posho.

Nianze na nasaba. Mheshimiwa huzaliwa zaidi msimu wa mvua, udongo mwekundu wa Njombe unapolowa na bodaboda kuanza kushuka vilima kiubavuubavu. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Ni dhahiri hawakupanda bodaboda Njombe mwezi wa pili. Mvua hizohizo ndizo hujaza ulanzi kwenye mianzi, na ukoo huu haujawahi kukana undugu na ulanzi. Tawi lake la Makambako liko pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, ambako watu huporomoka kutoka juu ya shehena za malori.

Umbile lake ni la kisiasa kabisa. Hakuna kiungo mwilini chenye uhuru wa kuzunguka kama bega, lakini uhuru huo una gharama: kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na kikombe kinachokipokea hakina kina. Kiti kidogo, mkaliaji mnene. Akisukumwa sana hutoka, mara nyingi kwa mbele.

Na matendo yake? Serikali imepiga marufuku lumbesa miaka nenda rudi, na magunia ya viazi bado yanavaa vilemba. Mheshimiwa akishika madaraka, aliyezoea kubeba lumbesa hanyanyui hata debe. Wapo wanaume waliooa zamani ambao hawakujua ndoo ya maji ina uzito gani. Leo wanaujua, maana hawawezi kuibeba. Na wamegundua kwamba siku zote kulikuwa na mtu anayeibeba, pamoja na kuni, na mtoto mgongoni. Semina ngapi za usawa zimefika hapo?

Washauri pia anao. Mmoja anataka bega likandwe kwa maji ya moto, mwingine anataka mkono uvutwe palepale, wa tatu anamjua mzee wa kuunga mifupa. Hospitalini huanza na picha ya eksirei, kwa sababu huenda mfupa umevunjika. Tena mshipa wa fahamu unaopita karibu na kwapa ukijeruhiwa, mkono unaweza kukosa nguvu ya kuinuka. Washauri hawana muda na mambo madogo kama hayo.

Wapinzani wake wakubwa ni wataalamu wa mazoezi ya viungo. Wanadai mkono ukining'inizwa shingoni kupita muda aliosema daktari, bega hukakamaa na kugoma kabisa. Kwa hiyo wanakuamuru uiname, uuache mkono uning'inie na kuuzungusha polepole. Kisha vidole vipande ukutani, leo hapa, kesho juu kidogo. Ni uchochezi wa wazi, unarudiwa kila siku, unauma, na cha kusikitisha zaidi, unafaulu.

Ndiyo maana nampa Mheshimiwa ushauri ambao chawa wengine huogopa kuutoa: ang'atuke. Mwalimu Nyerere aliuacha urais mwaka 1985 bila kusukumwa, na heshima yake haikupungua. Sherehe ya kumuaga nitaigharimia mimi, na gunia la viazi nitalibeba mwenyewe hadi ukumbini. Lisiwe lumbesa tu.