Zaaf: timu iliyokufa mvua hazijakatika

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini habari za timu kuyeyuka hutufundishi. Tulilala tuna timu yetu ya soka, Ihefu ya Mbarali, tukaamka 2024 inaitwa Singida Black Stars. Ndiyo maana nilipomsimulia shemeji yangu wa Mwanjelwa habari za Zaaf, timu ya wanawake ya mbio za baiskeli ya mwaka 2023, hakushtuka. Aliuliza tu: "Jezi walirudisha, shem?"

Tuhesabu kwa kushuka, kama wanavyomhesabia mwendesha baiskeli anayesubiri kuachiwa peke yake apambane na saa.

7. Jina. Linamkumbusha mtu Abdel-Kader Zaaf, Mwaljeria wa Tour de France ya 1950. Alichomoka mbele na mwenzake Marcel Molinès, jua likamzidi, akaanguka. Hadithi inasema walimpa mvinyo, akalala chini ya mti, akazinduka, akapanda baiskeli na kuondoka kwa kasi kurudi alikotoka. Molinès akashinda siku hiyo. Shemeji anasema mabasi ya namna hiyo ameshayapanda.

6. Daraja. Zaaf ilisajiliwa Hispania, chini ya daraja la juu la wanawake. Mpaka huo ni mwembamba kwenye karatasi, mpana kwenye sufuria. Juu, chama cha baiskeli duniani, UCI, kiliweka kima cha chini cha mshahara kuanzia 2020, na kufikia 2023 kilikuwa euro 32,102 kwa mwaka. Chini ya hapo, mwaka huo, hakukuwa na kima. Ulikuwa unakuta wawili wanapanda mlima mmoja, upepo mmoja, mmoja ana mshahara na mwenzake ana matumaini.

5. Geti. Uwanja wa Sokoine pale Mbeya au Samora pale Iringa, timu hata ikifungwa tatu, kuna watu wamekata tiketi. Mbio za barabarani utamkatia nani tiketi? Jaribu kuweka geti kwenye mlima Kitonga uwatoze watu kwa kutazama wanaopanda zile kona, uone madereva wa malori watakavyokujibu. Timu ya baiskeli haina uwanja, haina kiingilio, ina jezi tu, na jezi ina jina la mwenye hela. Mwenye hela akinyamaza, waliobaki ni wanawake wenye miguu mizuri na kodi ya nyumba.

4. Audrey Cordon-Ragot. Hapa nikae kidogo. Septemba 2022, bingwa huyu wa Ufaransa alipata kiharusi siku chache kabla ya mashindano ya dunia kule Australia, akayakosa. Akapona. Alikuwa ameahidiwa nafasi kwenye timu mpya ya wanawake ya B&B Hotels, na Desemba mradi mzima ukaanguka kwa kukosa fedha kabla hata ya kukimbia mita moja. Akahamia Zaaf. Muda si muda, waendeshaji wakaanza kusema hadharani kwamba mishahara haionekani. Akafunga tena begi, akaenda Human Powered Health. Maggie Coles-Lyster wa Kanada naye akapata hifadhi kwingine, Israel Premier Tech Roland. UCI ikaifutia Zaaf usajili, na huku kwetu watu walikuwa bado wanatembea na miavuli. Shemeji hapa hakutania. Alisema, "Huyo dada kiharusi kilimwonea huruma kuliko mabosi."

3. Benki. Mwaka huohuo wa 2023 timu nyingine ya wanawake ilivaa kifuani herufi SVB, za Silicon Valley Bank ya Marekani. Machi benki ikaanguka. Timu ikaendelea kushindana mpaka msimu ukaisha. Marehemu kazikwa, fulana yake inapanda milima ya Ulaya.

2. Kigali. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza. Wanawake walikimbia kilomita 164.6, wakipanda jumla ya mita 3,350 hivi, katika mji ulio karibu na usawa uleule wa Iringa. Alishinda Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye wengi hawakumtaja asubuhi ile. Timu yake, EF Education-Oatly, ilianza 2024 tu. Mimi nikasema kumbe vilima vyetu ni mali. Shemeji akasema mali ni ya Iringa, Mbeya hatuhitaji kuja kupumulia kwenye vilima vya watoto. Tukanuniana mpaka chai ikapoa.

1. Bingwa wangu. Nilimkuta kwenye barabara inayotoka Umalila kushukia Mbalizi. Baiskeli ya Phoenix kuukuu, gunia la viazi mviringo limefungwa nyuma kwa raba za tyubu, na breki ni katambuga: anashusha mguu, soli ya tairi inasugua tairi la nyuma, vumbi linanuka mpira. Kwenye kipande cha kupanda akateremka, akawa anasukuma, bega limeegemea gunia.

"Ugonile, mama. Kazi hii wanakulipa lini?"

"Nikifika."

Nikaanza kumweleza habari za Zaaf. Akasikiliza hatua kama kumi, akanitazama mikono yangu iliyokuwa mfukoni, akasema kama sinunui viazi basi nishike nyuma nisukume.