Krismasi ya Bati Bombambili

Kila Desemba nyumba yetu ya Bombambili, hapa Songea, hugawanyika makundi matatu kwa sababu ya sinema. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Bibi kwa kuwafuata watoto, anataka filamu ya Yesu. Wifi yangu anayeishi Dar es Salaam anataka Kanumba. Watoto wanataka Home Alone, na huanza kuidai mahindi yakiwa bado hayajachomoza. Baba watoto hana kundi. Yeye hushika rimoti na kuamua kesi.

Kila upande una hoja ya kusikilizwa. Bibi aliiona filamu ya Yesu mara ya kwanza kijijini, upande wa Peramiho, kwenye shuka jeupe lililofungwa kati ya miti miwili ya shule. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1979, inafuata Injili ya Luka, na hadi leo imeingizwa sauti za lugha zaidi ya 2,000. Bibi anaijali moja tu kati ya hizo: Mariamu na malaika wanasema Kiswahili, naye anawaelewa bila kuuliza mtu. Isitoshe, Luka ndiye aliyesimulia hori na wachungaji. "Krismasi isiyo na mtoto horini ni sikukuu ya nani?" Bibi huuliza, na hakuna anayemjibu.

Wifi anamtetea mwigizaji Steven Kanumba kama ndugu wa damu. Habari za kifo chake zilimkuta Aprili 7, 2012, Jumamosi Kuu, na Pasaka ile hakupika. Kanumba alikuwa na miaka 28 tu. Tangu hapo, wifi haji Songea bila Uncle JJ, ile aliyoicheza na watoto, kwa sababu anataka wanetu wajue kwamba hata Tanzania watoto wamewahi kubeba filamu mabegani.

Watoto nao wana Kevin wa Home Alone, yule mvulana wa mwaka 1990 aliyesahauliwa nyumbani familia yake ilipokimbilia ndege ya kwenda Paris. Kwao hakuna raha kama kuona mtoto akiwashinda wezi wawili kwa mikebe ya rangi na chuma cha moto.

Mwaka jana wifi aliondoka Dar tarehe 23 ili awahi mkesha. Ni safari ya zaidi ya kilomita 900. Basi likaharibika baada ya Makambako, abiria wakalala humohumo kwenye baridi ya Njombe, na mkesha ukapita. Aliingia kwetu asubuhi ya Krismasi tukitoka misani, kanga imelowa, miguu imevimba. Kabla hajakaa alifungua fundo la kanga akatoa fleshi. Sinema zote zilikuwa humo. "Hii sikuiachia hata kondakta," alisema.

Baba watoto akatoa hukumu: Bibi atangulie kwa umri wake, watoto wafuate, wifi afunge usiku. Pilau likaliwa, majirani wakaja, watoto wao wakajaa kwenye mkeka. Yesu akaonyeshwa mpaka mwisho, Bibi akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Kevin ndiye aliyeingia pamoja na mvua.

Mkoa wa Ruvuma una msimu mmoja wa mvua, na Krismasi hutukuta katikati ya palizi. Kwa hiyo mvua hatuichukii, tunaiomba. Ila ile ya jioni hiyo ilishuka kutoka milima ya Matogoro, kule unakoanzia mto Ruvuma, kwa nguvu ya kung'oa miche. Bati likaanza kunguruma. Rimoti ikapandisha sauti mpaka mwisho, na bado tulimwona Kevin akipiga kelele kimyakimya, viganja mashavuni.

Kisha tone likaanguka juu ya runinga. Likafuata la pili, halafu maji yakaanza kuteremka ukutani kuelekea kwenye soketi. Msumari wa bati ulikuwa umelegea. Baba watoto aliruka viti akazima swichi kuu, nyumba ikawa giza, watoto wakalia. Wifi aliivika runinga kanga yake mbichi, akaona imezidisha maji, akaivua. Mimi nilileta sufuria ya pilau nikaitega chini ya tobo, ukoko ungali umo, Bibi akalalamika kwamba ukoko huo aliuwekea nia. Kijana wetu mkubwa aliipapasa fleshi gizani akaichomoa.

Taa ya chemli hatukuwa nayo. Zamani kila nyumba ya Songea ilikuwa na akiba yake, maana mji uliishi kwa majenereta ya dizeli. Mwaka 2018 laini kubwa ya umeme kutoka Makambako ikatufikisha kwenye gridi ya taifa, na chemli tukazigawa vijijini. Jioni ile mwanga pekee ulikuwa laptopu ya huyo kijana, anayesoma chuo. Tuliiweka juu ya kinu kwenye ukumbi wa nyuma, tukabanana: wakubwa nyuma, wadogo mbele, Bibi kwenye kigoda ubavuni kabisa.

Picha ikaonekana, lakini sauti haikusikika hata chembe. Hapo ndipo baba watoto aliposimama.

Ujanani, huko Mfaranyaki, fedha zake za vibarua ziliishia kwenye kibandaumiza cha video, akisikiliza kanda za Derek Mukandala, yule Lufufu, aliyechukua filamu za Kihindi, Kichina na Kimarekani akazisimulia kwa Kiswahili kutoka mwanzo hadi mwisho. Lufufu alieleza tabia za watu, akawapa nasaha, akataja mambo ya kwetu mpaka mtazamaji akasahau kwamba wanaozungumza ni wageni. Baba watoto alisimama kando ya kinu akaishinda mvua kwa kifua chake.

"Huyu mzee mwenye koleo mtaa mzima unamwogopa," alipaza sauti, "kumbe amegombana na mwanawe, anakwenda kanisani kumsikiliza mjukuu akiimba kwaya, basi!"

Bibi akasogeza kigoda. "Amegombana naye kwa lipi?"

"Hawasemi, mama. Hasira za zamani."

"Za zamani ndizo mbaya."

Tukafika pale mama yake Kevin anapokwama uwanja wa ndege, anauza hereni, anabembeleza, na mwishowe anapewa lifti na bendi ya wanamuziki ndani ya gari la mizigo. "Mama amekosa usafiri," baba watoto alitangaza, "anapigwa baridi njiani, lakini Krismasi lazima afike kwa mwanawe!" Wifi, aliyekuwa amelala ndani ya basi bovu usiku wa kuamkia siku hiyo, alijifunika uso akalia kwa sauti. Mwanangu wa mwisho kuzaliwa alimpanda mapajani, akamshika shingo.

Laptopu ilizimika Kevin akiwa anaelekea dirishani. Baba watoto hakunyamaza. Gizani alitumalizia kwa mdomo: nje theluji inaanguka, mzee amemkumbatia mwanawe na mjukuu, anainua mkono kumshukuru mtoto.

"Kwa hiyo wamepatana?" Bibi aliuliza.

"Wamepatana, mama."

"Basi hiyo nayo ni ya Krismasi," alisema, na tangu siku hiyo ameiondolea pingamizi.

Siku zilizofuata fundi alibadilisha misumari na kuziba matobo kwa lami, na runinga ilipokauka iliwaka. Uncle JJ tuliiona tarehe 26 mchana, wifi akisimulia vipande hata pasipohitaji msimulizi.

Nimeziona sinema hizi zote kwa macho ya kila kundi, na ninaamini kinachozifanya ziwe za sikukuu ni kwamba zinasimulika. Ukizima sauti, ukazima picha, mtu mzima bado anaweza kumweleza mtoto nani amepotea na nani amerudi. Lufufu alilijua hilo kabla yetu.

Kilichobaki ni deni la watengeneza filamu wa Bongo. Tunaazima theluji kila mwaka ilhali Krismasi yetu ina mvua juu ya bati, basi lililolala Njombe, palizi iliyosubiri, kwaya ya mkesha, na bibi anayetaka kujua kama waliogombana wamepatana. Hadithi hizo ziko mitaani kwetu na waigizaji wapo. Itengenezeni sinema hiyo. Bibi, wifi na watoto tayari wamekubaliana kwamba ikitoka itatangulia yao yote.