Nyama Ina Mlinzi, Mchicha Una Mimi

Fundi wa pilau hulipwa nusu ya fedha yake kabla hajawasha moto. Anakuja na wasaidizi wake, sufuria zake, mwiko mrefu kumpita mmoja wa hao wasaidizi, na kabla hajagusa kitunguu anawekewa kiti na soda baridi. Anaitwa fundi. Akikohoa, mtoto anatumwa kuangalia kama ni moshi. Mimi ninapika mboga ya majani ya watu walewale 300, hatua chache kutoka alipokaa, nimeinama tangu alfajiri, na ninachoambiwa ni, "Shangazi, hebu sogea kidogo fundi apite."

Nimepika mboga kwenye harusi, hitima, maulidi, ubatizo wa mtoto wa jirani na mahafali ya kidato cha nne, na dharau ni ileile kila mahali. Watu wanaamini kabisa kwamba majani hujichuma, hujiosha na kujitosa sufuriani yenyewe. Juzi tulipokuwa tunamwoza binti wa kaka yangu hapa Mbagala, kikao kilitumia jioni nzima kubishania vitambaa vya meza, viwe rangi ya damu ya mzee au kijani cha chupa. Mshereheshaji alijadiliwa mpaka ukoo wake. Ilipofika zamu ya mboga za majani, mwenyekiti akatazama saa, akasema, "Hizo kina mama watajua wenyewe." Katibu akaandika, kikao kikafungwa kwa dua. Kina mama, kwa taarifa yenu, ni mimi.

Fedha niliyokabidhiwa ingetosha mchicha wa nyumba moja yenye watu wanane wasiopenda mboga. Nikamfuata kaka. Akanijibu, "Dada, si majani tu?" Huyu ni mtu ambaye jana yake alikubali kulipia maputo bila hata kupepesa jicho. Maputo! Hewa imetengewa fungu lake kwenye bajeti, lakini majani yaokotwe.

Bibi yetu alitaka kisamvu. Kisamvu cha nazi na karanga ni chakula cha heshima, sibishi, na Wakongo wanaokiita sombe au pondu wanakitendea haki kuliko sisi. Lakini hakikubali kuharakishwa. Majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sianidi, ndiyo maana wazee waliyatwanga kwanza, kisha wakayachemsha mpaka yakanyenyekea. Ukikimbizana nayo, umewaalika watu 300 hospitali. Na vinu siku hizi viko wapi? Kinu pekee ninachokijua mtaani kwetu kimepandwa maua. Sokoni ipo mashine ya kusaga, sawa, ila bibi anadai kisamvu cha mashine kinanuka dizeli, na bibi akishatamka mbele za watu huwezi kumpinga. Unachoweza ni kupika kitu kingine.

Kabichi ingeniokoa. Inashuka kutoka Lushoto ngumu na nzito, unaikata usiku, inakungoja hadi asubuhi bila kununa, na ukiitia motoni inabaki na mwili wake. Karoti, hoho, bizari kidogo, umemaliza, unaenda kuoga na wenzio. Tatizo la kabichi ni shule za bweni. Kuna kizazi kizima cha watu wazima, wenye vyeo na magari, ambao wakiiona tu kabichi wanasikia kengele ya bwalo. Shemeji yangu alisema waziwazi: upande wa kiume wakikuta kabichi watasema tumewapokea kwa mapokezi ya kidato cha pili. Basi. Mchicha wa nazi.

Mchicha wa shughuli haununuliwi kwa mafungu gengeni. Unateremka bondeni kwa wenye bustani, unanunua kwa tuta. Unasimama kwenye umande saa kumi na mbili asubuhi, unanyooshewa kidole: kuanzia hapa mpaka kwenye ule mpapai. Mizani hakuna. Mwenye bustani, bibi mmoja mkavu wa maneno, alinitajia bei nikacheka nikidhani ananitania. Yeye hakucheka. Ilikuwa masika, na mvua kubwa ikishayapiga matuta, nusu ya mchicha inalala kwenye tope na kuoza, hivyo mwenye ule uliosimama anajua vizuri ameshika nini mkononi. Nikalipa, tukapakia viroba kwenye bajaji mpaka dereva akawa anachungulia barabara kwa pembeni. Akaniuliza njiani kama nafuga sungura.

Shughuli ni watu, wanasema, na watu kweli walikuja kunisaidia kuchambua. Shida ilikuwa mikono yao. Wa kwanza hina yake ilikuwa haijakauka, amekaa ameinua viganja juu mithili ya mtu aliyevamiwa na majambazi. Wa pili alibandika kucha usiku ule. Alichambua shina moja, akazitazama kucha, akaomba udhuru. Mke wa mdogo wangu alichambua kwa bidii sana huku simu imebanwa kati ya sikio na bega, matokeo yake mashina yakaingia kwenye beseni la kupikwa na majani laini yakaenda kwa mbuzi. Nilibakiwa na watoto wa jirani niliowahonga maandazi, na bibi, ambaye midomo yake ilikuwa bado imenuna kwa ajili ya kisamvu lakini vidole vyake vinakwenda.

Kisha mchanga. Mchicha wa masika una tope mpaka kwapani. Unaoshwa kabla ya kukatwa, siyo baada, na unayatoa majani kwenye maji, humwagi maji ukiwa umeyaacha majani ndani, maana mchanga ukishatulia chini unatakiwa ubaki hukohuko. Maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ukipitisha kiganja kwenye kitako cha beseni usikie ulaini mtupu. Punje moja tu ya mchanga ikigonga jino la mkwe, hiyo ndiyo itakuwa habari ya harusi nzima. Lakini kazi hiyo inataka maji, na maji yalikatika tangu jana yake. Madumu yaliyokuwapo, nikaambiwa kwa upole, yametengwa. Kwa ajili ya nini? Kuoshea magari ya msafara. Mchicha unaoingia matumboni mwa watu usubiri, kwanza gari lifungwe riboni likiwa linang'aa.

Na mafiga je? Pilau iliwahi, nyama ikawahi, maharage yakawahi. Kila nilipouliza nafasi niliambiwa, "Wewe yako inaiva haraka, subiri kidogo." Hapo ndipo mboga huonewa kweli. Kwa kuwa inaiva haraka inapikwa mwisho, na kwa kuwa inapikwa mwisho ndiyo inayochelewa, na ikichelewa wanauliza mboga imefanyaje. Nilipata figa wageni wakiwa wameshaanza kukaa chini ya maturubai.

Kuna mtu hupita kwenye kila shughuli, sijui hutumwa na nani. Anasimama mbele ya lundo la majani mabichi na kusema, "Mama weee, wote huo? Mnalisha ng'ombe?" Mtu huyohuyo anarudi baada ya robo saa, anafunua sufuria, anasema, "Mbona kidogo?" Jani la mchicha, katika kila sehemu kumi, zaidi ya tisa ni maji. Likiona moto linajisalimisha. Viroba vile vilivyomfunika dereva wa bajaji vilinywea ndani ya dakika chache, nikabaki natazama kitu kilichojaa nusu ya sufuria. Fundi wa pilau naye alichungulia kutoka kwenye kiti chake. Wali humfurikia sufuriani, hivyo huwa na huruma ya kitajiri.

Chumvi ya mchicha hutiwa ukishanywea. Ukiitia majani yakiwa mlima, umetilia mlima, na watakaokula watakula kichuguu. Hilo nililisema kwa sauti, mbele ya mashahidi. Bado shemeji alipita na ngumi ya chumvi "kukuongezea ladha", binamu naye akapita na mchemraba wa kiungo, na mzee mmoja ambaye mpaka leo sijajua ni wa upande gani alikuwa ameshika magadi. Magadi, eti yabaki kijani. Nikamzuia kwa mwiko. Karibu na sufuria ya nyama hakuna mtu anayepita na kitu mfukoni, lakini mboga kila mtu ni mtaalamu wake.

Tui ndilo lililonitoa machozi. Nazi zilikunwa kwa mashine sokoni, nikakamua mwenyewe: tui zito nikaliweka kando, jepesi la pili na la tatu likapikia vitunguu na nyanya. Zito huingia mwisho, moto ukiwa umepungua, na unakoroga polepole bila kuacha mpaka litokote. Usifunike. Usiondoke. Nilimwachia wifi yangu mwiko kwa muda wa kwenda tu kubadili kanga iliyolowa, nikamwambia neno moja: koroga. Huko nje vigelegele vikapigwa kwamba bibi harusi anateremka garini. Wifi akafunika sufuria, kwa usafi, anasema, nzi wasiingie, akaenda kuona shela. Nikarudi nikakuta mafuta yanaelea juu na vidonge vyeupe vinazunguka vikitafutana chini. Tui limekatika. Nikaongeza tui kidogo nililolificha, nikakoroga, nikakoroga tena nikimtaja wifi kwa jina lake kamili. Shela yenyewe alipoisimulia ilikuwa ya kawaida tu.

Sasa njoo kwenye kugawa. Nyama ilisimamiwa na mjomba wetu mstaafu wa magereza. Vipande viwili, anakutazama usoni, anaihifadhi sura yako, na ukijaribu kurudi na sahani nyingine anakuuliza jina la baba. Mchicha uliwekwa mwanzo wa meza na upawa wake, hauna mlinzi, kila mtu ajipimie. Wa kwanza kwenye foleni waliupita wakidharau, wanaacha nafasi ya nyama. Walipofika kwa mjomba na kuambulia viwili vyao, wakarudi nyuma kinyume cha foleni kuujaza ule uwanja mtupu uliobaki sahanini, kwa mchicha wangu. Wengine walikuja na mawaidha ya daktari. "Mimi nyama nimekatazwa, niwekee mboga kwa wingi." Nikawawekea kwa wingi, kwa huruma, kisha nikawaona kwa mjomba wamesimama wima na presha yao, wanachagua chenye mfupa.

Hivyo mchicha ukaisha foleni ikiwa bado kwenye geti. Pilau ilibaki nusu sufuria na hakuna aliyesema fundi alikosea hesabu. Walisema ana baraka. Mchicha uliisha, yaani ulipendwa, wakasema shangazi hakupika wa kutosha. Mama mkwe mtarajiwa ndiye peke yake aliyetoa maoni juu ya ladha. Aliinama sikioni kwangu kwa heshima zote na kunong'ona, "Tui lilikukatikia, eeh?" Nikamwambia karibu sana, mama.

Bado kulikuwa na wabebaji. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini Juni 2019, nilidhani kwa ujinga wangu kwamba utamaduni wa kufungasha utapungua. Umeboreka. Watu sasa wanakuja harusini na makopo yenye mifuniko ndani ya mikoba ya shanga, makopo yaliyopangwa kwa ukubwa, na mmoja alikuwa na ndoo iliyokuwa ya rangi ya ukuta. Alinijia akiwa ameshajaza pilau akataka "kamboga ka kusindikizia". Nikampa kile kilichobaki kwenye mwiko.

Jumamosi iliyofuata tukavunja kamati. Fundi wa pilau alipigiwa makofi bila hata kuwepo. Video ikaonyeshwa: pilau kutoka pande zote, keki kutoka angani kwa kile kidude kinachoruka, magari yanayong'aa moja moja na riboni zao. Mchicha haukuonekana. Kilionekana kisogo changu, kwa mbali, kinatikisika, na mtoto mmoja akauliza kwa sauti yule bibi analia nini.

Mweka hazina akasimama kusoma hesabu. Akafika kwenye mboga za majani, akavua miwani, akasema kwamba upande huo kuna upungufu wa vielelezo: nimetumia zaidi ya nilichopewa, nadai nirudishiwe, lakini sijaleta risiti ya mashine. Nikamuuliza kama maputo yana risiti. Akasema maputo yalikuwa na mkataba.

Nimemwelekeza njia. Apande gari la asubuhi kabisa, ateremke bondeni, aulize tuta la kwenye mpapai, amkute yule bibi kwenye umande, amwombe risiti ya mashine. Nimemshauri pia avae viatu vya kukimbilia, maana bibi yule hutembea na jembe.