Saa Mbili ya Baba Mkwe

Mwenzangu mwenye familia, ukiambiwa kwamba ugomvi wa televisheni huletwa na watoto, usikubali. Mtoto hutulizwa kwa katuni na kipande cha muwa. Asiye na wa kumtuliza ni baba mkwe aliyekuja Dar es Salaam kutibiwa macho, ambaye kila ikigonga saa mbili usiku anataka taarifa ya habari, kuanzia ngoma za kufungulia hadi utabiri wa hali ya hewa. Jikoni, kwa sauti ya chini, tunamwita Mzee Saa Mbili. Na saa mbili hiyohiyo ndipo inapoanza tamthilia ya Mama Neema, ile ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili.

Utasema, si mmwambie mzee? Amwambie nani? Binti yake anamheshimu mno. Mimi niliyemwoa huyo binti ndiyo kabisa. Sijaona mkwe aliyenyoosha mkono kumwomba baba mkwe rimoti akabaki na sura mbele ya ukoo. Kwa hiyo Mama Neema akakaa jikoni saa nzima kila usiku, akisikiliza habari za mahindi huku anajua fika kwamba chaneli ya pili kuna mtu anatekwa nyara. Nilimwonea huruma. Ndipo likazaliwa wazo la kurekodi.

Mama Neema tunamwita Hazina, maana kila shilingi ya nyumba hii hupitia kwake na haitoki bila maelezo. TV yetu ya chogo ilikuwa imepita umri wake. Tangu mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilipozimwa tarehe 31 Desemba 2012, mawimbi yalikamatwa na king'amuzi na chogo likabaki kuwa kioo tu. Hata hivyo Hazina alilipenda, kwa sababu mgongo wake mpana ulibeba kitambaa cha kudarizi alichopewa na shangazi yake siku ya harusi. Kitambaa hicho kilining'inia mbele hadi kuziba jicho la rimoti, na miaka yote hiyo tumebadilisha chaneli mmoja akiinua kitambaa na mwingine akibonyeza.

Jaribio la kwanza lilifanywa na shemeji yangu, mdogo wake Hazina, ambaye jina lake la nyumbani ni Bado Kidogo. Ukimkuta juu ya paa anageuza antena, atakwambia bado kidogo. Ukimkuta amefungua pasi na skrubu zimetapakaa mkekani, bado kidogo. Akachomeka flashi kwenye king'amuzi, akaonyesha neno la kurekodi, tukashangilia. Kisha Mzee Saa Mbili akahamia chaneli ya habari na kwenye kioo likatokea swali: unataka kusimamisha kurekodi? Mzee hakuweza kuyasoma maandishi yale. Akabonyeza ndiyo.

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. King'amuzi cha kawaida kina kipokezi kimoja tu cha mawimbi. Katika dijitali, masafa moja hubeba chaneli kadhaa kwa pamoja, mithili ya abiria ndani ya basi moja, na kipokezi kimoja hudandia basi moja tu kwa wakati mmoja. Kama chaneli unayorekodi na unayotazama zimepanda basi moja, ving'amuzi vingi vitakuruhusu. Tamthilia ya Hazina na habari za Baba zilikuwa zimepanda mabasi tofauti.

Dawa yake ni vipokezi viwili, na njia rahisi ya kuvipata ni kununua TV yenye kipokezi chake ndani: TV ishike habari kwa antena, king'amuzi kirekodi tamthilia. Tukaenda Kariakoo. Nasisitiza hili kwa moyo wote, maana nimeona majirani wakibeba maboksi makubwa na kurudi na kilio: kabla ya kuuliza inchi, soma ubavuni mwa boksi. Tafuta DVB-T2. Iliyoandikwa DVB-T peke yake ni ya kizazi cha kwanza na haisomi T2. Neno dijitali lililobandikwa kwa stika ya dhahabu halikwambii lolote. Uliza pia kama tundu la USB linarekodi au linacheza tu picha na muziki; matundu hayo yanafanana kabisa kwa sura. Na usilipie 4K kwa ajili ya chaneli za antena. Kioo cha 4K kina nukta 3840 kwa 2160, lakini chaneli nyingi za kawaida hurushwa kwa nukta chache kuliko hizo, kwa hiyo TV huivuta picha tu hadi ijae.

Ila dukani hakuna aliyenisikiliza. Mtoto wetu wa mwisho, tunayemwita Pilato kwa kuwa hakuna kitu kilichovunjika nyumbani ambacho hakukinawia mikono, alitaka yenye intaneti. Baba alikuwa ametuagiza tulete yenye kioo kikubwa, asome maandishi yanayopita chini. Hazina alikuwa na uzi mfukoni, amepima nafasi ya kabati: sentimita 80. Inchi hupimwa kwa mshazari, pembe hadi pembe, hivyo TV ya inchi 32 ina upana wa karibu sentimita 71 na ingeingia vizuri. Ya inchi 43 inakaribia sentimita 96. Macho ya Baba yalishinda, tukabeba ya 43, ikatundikwa ukutani, na kabati likabaki na vikombe vya udongo pale katikati. Kitambaa cha shangazi kilijaribiwa juu ya TV mpya mara kadhaa. Ukingo ni mwembamba, kinateleza. Sasa kimefunika king'amuzi, na jicho la rimoti limezibwa tena.

Siku za mwanzo mpango ulifanya kazi vizuri ajabu. Baba anatazama habari, king'amuzi kinarekodi kimyakimya, saa tatu Hazina anajimwaga kwenye kochi na karanga zake. Halafu rekodi zikaanza kukosekana. Bado Kidogo alibadilisha nyaya zote. Kumbe ni Pilato. Mama yake ndiye aliyemfundisha kwamba kifaa kisichotumika kizimwe ukutani, LUKU si ya kuchezea, na mtoto akawa anapita kila jioni kuzima swichi kwa utii ambao sijapata kuuona katika jambo lingine lolote. King'amuzi kilichosetiwa muda wa kurekodi lazima kibaki kimelala na umeme wake. Ukikizima ukutani hakina cha kukiamsha. Hazina na mimi tulijadili usiku kucha namna ya kumwambia mtoto asitii.

Kisha likaja la kwaya. Kwaya ya Hazina ilionekana kwenye televisheni Jumapili, tukairekodi, na Bado Kidogo akaituma flashi kwa basi hadi Singida ili mama mkwe naye aone. Jioni mama alipiga simu. Alikuwa amealika majirani, amepika maandazi, na TV yake inasema faili halisomeki. Ving'amuzi vingi hufunga rekodi zao kwa ufunguo wa ndani, zisichezwe penginepo ila palepale ziliporekodiwa. Hazina alilia kidogo. Mwishowe mpiga picha wa usharika alitupatia nakala yake, tukaituma kwa simu, na majirani wakaalikwa upya.

Ila mwisho wa haya yote ni Mzee Saa Mbili mwenyewe. Siku za kliniki anakosa uchambuzi wa magazeti wa asubuhi, na kwa macho yake hayo, kusomewa magazeti ni jambo kubwa. Akamwomba Neema amrekodie. Neema, anayempenda babu yake kuliko sisi sote, akarekodi. Kisha akarekodi kila asubuhi. Kisha na taarifa ya saa tano usiku, wakati mzee amelala. Saa moja ya chaneli ya kawaida hula karibu GB 1, ya HD yaweza kufika GB 3, na flashi yetu ni ya GB 32. Mwezi haukuisha. Usiku wa tamthilia kufikia mwisho, bwana harusi akiwa amefungua mdomo kujibu mbele ya wageni, picha ikakatika. Flashi imejaa.

Nikatumwa mimi. Nikamwamkia, nikamweleza kwa adabu kwamba zipo habari za zamani zingeweza kufutwa.

"Mwanangu," akasema, "habari haifutwi. Ule mkanda wangu ningeurekodia ndondi, leo wajukuu ningewaonyesha nini?"

Mkanda huo naujua. Oktoba 1999, akiwa bado kazini Dar, alikaa mbele ya deki yake na kanda za saa tatu tatu, akarekodi msiba wa Mwalimu Nyerere hadi kanda zikamwishia. Mmoja anao hadi leo, Singida, ndani ya sanduku la bati, na deki inafutwa vumbi kwa ajili yake. Sikuwa na jibu. Nilirudi jikoni nikamwambia Hazina kwamba mzee ana haki, naye akakubali huku bado hajui bwana harusi alisema nini.

Tutanunua diski. Ile ya kwanza tuliyoazima ililia tik-tik bila kuwaka, kwa sababu tundu la USB la king'amuzi halitoi umeme wa kutosha kuizungusha, kwa hiyo hii itakuwa yenye adapta yake ya umeme ukutani. Hazina ameshapitisha fedha kwa masharti mawili: swichi yake ibandikwe karatasi yenye jina la Pilato, na Bado Kidogo asiiguse.